Foku ya baiskeli ya gia kwenye baiskeli ya watu wawili: pima kabla hujafunga

Ukitoka Mpanda kwenda Karema, barabara inakushusha. Mji wa Mpanda uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mita 770 hivi. Kwa mwenye gari, tofauti hiyo ni kubadili gia tu. Kwa mwenye baiskeli aliyempakia mtu kwenye keria, au tenga la migebuka nyuma na mtoto juu ya bomba la fremu, kila mteremko unategemea breki zake na foku ya mbele.

Foku ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele na kuliunganisha na usukani. Mnyororo ukikatika, utasukuma baiskeli mpaka kwa fundi. Tairi likipasuka, utayumba na kusimama. Foku ikivunjika kwenye mteremko, gurudumu linaondoka, fremu inachimba ardhi, na watu wote wawili wanarushwa mbele kwa uso. Hakuna muda wa kukanyaga chini wala wa kuruka pembeni.

Ndiyo maana ndugu msikilizaji, leo tunaeleza kazi moja ambayo mafundi wetu wa vijijini huifanya mara kwa mara: kutoa foku iliyopinda kwenye baiskeli ya mzigo na kuweka foku iliyotoka kwenye baiskeli ya gia, yaani zile za kupandia milima. Kazi hiyo wakati mwingine inafaa kabisa. Wakati mwingine ni hatari. Kinachoamua ni vipimo, na vingi unaweza kuvichukua mwenyewe kwa rula na futi ya seremala.

Kwa nini watu hubadilisha

Baiskeli nyingi tunazotumia kubebea watu na mizigo ni zile ndefu za gurudumu la inchi 28: Phoenix kutoka China, Hero na Avon kutoka India, na zamani Raleigh kutoka Uingereza. Zimetengenezwa kwa chuma, zina breki za fimbo, na foku yake imejikunja mbele ili kupunguza mtikisiko.

Foku hiyo ikipinda baada ya kugonga shimo au jiwe, mwenye baiskeli anatafuta nyingine. Mara nyingi inayopatikana karibu ni ya baiskeli ya gia iliyokufa: fremu imekatika, lakini foku bado inang'aa. Nyingine ina shokapu, zile springi za mbele, na kijana anaona baiskeli yake itakuwa laini barabarani na itapendeza machoni. Mazungumzo kwa fundi huwa mafupi.

"Fundi, hii itabeba?"

"Itabeba tu, kaka. Chuma hiki."

Jibu hilo halitoshi. Swali la kwanza linapaswa kuwa: itabeba kilo ngapi, kwenye fremu gani, na kwa breki ipi?

Baiskeli ya watu wawili ni ipi?

Zipo baiskeli zilizotengenezwa tangu kiwandani kwa watu wawili, zenye viti viwili, usukani mbili na pedeli jozi mbili. Wa mbele anaongoza na wote wanapiga pedeli. Ndizo hutumika pia katika michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu: mwendeshaji asiyeona hukaa nyuma na anayeona hukaa mbele. Kwetu Afrika Mashariki, Douglas Sidialo wa Kenya, aliyepoteza uwezo wa kuona katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, alisafiri kwa baiskeli ya namna hiyo kutoka Cairo hadi Cape Town.

Lakini vijijini kwetu baiskeli ya watu wawili ni ile ya kawaida yenye keria imara. Ndiyo iliyozaa hata neno bodaboda, kabla ya pikipiki kulichukua: lilianza kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kule Busia. Kwa upande wa foku, baiskeli hizi mbili zina jambo moja linalofanana. Zote zinabeba watu wawili zikiwa na gurudumu moja tu la mbele.

Tufanye hesabu. Mwendeshaji ana kilo 65. Abiria ana kilo 60. Baiskeli yenyewe ina kilo 20. Mfuko wa unga au ndoo ya dagaa, kilo 15. Jumla ni kilo 160. Foku ya baiskeli ya gia ya kawaida ilitengenezwa kwa mtu mmoja asiye na mzigo mkubwa. Hata kama haitavunjika siku ya kwanza, kila shimo linaikunja zaidi kidogo kuliko ilivyokusudiwa, na chuma kinachokunjwa mara nyingi huchoka mpaka kikapata ufa.

Kuna jambo lingine la mteremko. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Baiskeli inayokwenda kilomita 30 kwa saa ikiwa na watu wawili ina nguvu mara nne ya ile inayokwenda kilomita 15 kwa saa na watu walewale. Ukifunga breki ya mbele, uzito wote unasukumwa mbele na foku inakunjwa kuelekea nyuma. Sehemu inayoumia zaidi ni pale bomba la foku linapoungana na mabega yake, chini kidogo ya shingo ya fremu. Hapo ndipo foku nyingi hukatikia, na ufa wake huanzia mahali usipopaona mpaka uifungue.

Kipimo cha kwanza: bomba linaloingia shingoni

Kila foku ina bomba linalopanda ndani ya shingo ya fremu. Unene wake hutofautiana. Baiskeli za zamani za inchi 28 zina bomba la inchi 1, sawa na milimita 25.4. Baiskeli nyingi za gia zina bomba nene zaidi, la inchi 1 na moja ya nane, sawa na milimita 28.6. Baadhi ya mpya zina bomba linaloanza jembamba juu na kunenepa chini.

Bomba nene haliingii kwenye vikombe vya gololi vya shingo nyembamba. Hapo ndipo makosa huanza. Kuna anayetanua shingo ya fremu kwa nyundo. Kuna anayekata bomba la foku moja na kulichomelea kwenye mabega ya foku nyingine. Njia zote mbili zinaharibu chuma mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote. Kama bomba si la kipimo kimoja na shingo yako, foku hiyo si yako. Itafute ya kipimo chako.

Hata bomba likilingana kwa unene, angalia mambo mengine matatu.

Moja, urefu. Bomba likiwa fupi kuliko shingo, nati ya juu itashika meno machache tu. Usiliongeze kwa kuchomelea kipande.

Mbili, meno ya nati. Meno ya baiskeli za zamani hayafanani yote: kuna ya meno 24 kwa inchi na ya meno 26 kwa inchi. Nati ya aina moja inaweza kuanza kuingia kwenye bomba la aina nyingine kisha ikakwama, na fundi akailazimisha kwa spana. Ukiona nati inagoma baada ya mizunguko miwili au mitatu, acha. Nati inayofaa huingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho.

Tatu, ringi ya chini inayokaa juu ya mabega ya foku na kushika gololi. Hata foku mbili za inchi 1 zinaweza kutofautiana hapo: kuna za milimita 26.4 na za milimita 27.0. Tofauti ya nusu milimita inaonekana ndogo, lakini ringi inayocheza itakula mabega ya foku na usukani utaanza kugonga. Usijaze nafasi kwa kipande cha kopo la bati.

Kipimo cha pili: urefu kutoka ekseli hadi mabega

Laza foku mbili, ya zamani na mpya, juu ya meza au mkeka. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi pale ringi ya chini ya gololi inapokaa. Andika namba zote mbili.

Foku ya baiskeli ya gia isiyo na shokapu mara nyingi ina milimita 390 hadi 410. Yenye shokapu ya mchezo wa milimita 100 inafika milimita 470 hivi, kwa sababu lazima iache nafasi ya springi kushuka. Sasa tuseme ya zamani ina milimita 400 na mpya ina 460, na gurudumu ni lilelile. Mbele ya baiskeli itapanda milimita 60.

Kupanda huko kunalaza shingo ya fremu nyuma. Kwa baiskeli ya kawaida, kila milimita 20 zinazoongezwa mbele hulaza shingo kwa nyuzi 1 hivi. Milimita 60 ni nyuzi 3. Usukani unakuwa mzito na mvivu kwenye mwendo mdogo, unaangukia upande unapogeuka, na ukiwa na abiria nyuma kwenye mlima, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kutaka kunyanyuka. Pia nguvu inayokunja shingo ya fremu inaongezeka kwa sababu foku ndefu ni kama mtaimbo mrefu.

Kanuni rahisi: kama tofauti haizidi milimita 10, endelea na vipimo vingine. Ikizidi milimita 20, usitumie foku hiyo kubebea mtu.

Foku fupi nayo ina shida yake. Inainamisha baiskeli mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na pedeli zinakaribia ardhi. Kwenye barabara yenye mawe, pedeli ikigonga jiwe wakati wa kukata kona, mnaanguka.

Kipimo cha tatu: gurudumu na breki

Rimu ya inchi 28 ya baiskeli zetu za mzigo ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Rimu ya inchi 26 ya baiskeli ya gia ina milimita 559. Toa, kisha gawa kwa mbili: rimu ya 28 iko juu kwa milimita 38 kuliko ya 26, ukipima kutoka kwenye ekseli. Namba hiyo ni muhimu kwa sababu mbili.

Kwanza, gurudumu la 28 linaweza kugusa mabega ya foku iliyotengenezwa kwa 26. Hata likizunguka bila kugusa, tope la masika au kijiti kilichonaswa kitalikwamisha ghafla. Acha nafasi ya angalau upana wa kidole kati ya tairi na mabega, na nusu kidole kila upande.

Pili, breki. Breki za fimbo za baiskeli za zamani huvuta mipira juu, ikashika rimu kutoka upande wa ndani. Foku ya baiskeli ya gia haina mahali pa kuzishika. Ina vichuma viwili vya kushika breki za pembeni, zile zinazobana rimu kulia na kushoto kwa waya. Lakini vichuma hivyo vimewekwa kwa rimu ya 26. Ukiweka gurudumu la 28, mipira itabana spoku au hewa, na wala haitafika kwenye rimu.

Zaidi ya hapo, rimu nyingi zilizotengenezwa kwa breki za fimbo zina kingo za mviringo. Hazina ukuta ulionyooka wa kubanwa pembeni. Mpira wa breki huteleza, ukapanda na kugusa tairi, na tairi linakatwa mpaka linapasuka.

Kwa hiyo ukichagua foku ya gia ya 26, mara nyingi unalazimika kuchukua pia gurudumu lake la mbele, breki zake, waya wake na mkono wa breki kwenye usukani. Chukua vyote au acha vyote. Wengine hufunga foku na kuacha baiskeli bila breki ya mbele, wakisema breki ya nyuma inatosha. Kwa mtu mmoja kwenye tambarare utafika. Kwa watu wawili kwenye mteremko wa kwenda ziwani, breki moja itapata moto, mipira itateleza, na baiskeli haitasimama.

Breki za diski nazo zina sharti lake. Foku ambayo haikutengenezwa kwa diski haina nguvu kwenye mguu wa kushoto ya kupokea mvuto wa breki hiyo. Kuchomelea kipande cha kushikia breki kwenye mguu wa foku ya kawaida ni kuandaa ajali.

Kipimo cha nne: midomo inayoshika ekseli

Habu ya mbele ya baiskeli ya gia kwa kawaida ina upana wa milimita 100 kutoka mdomo hadi mdomo. Za zamani nyingi ni nyembamba zaidi, na ekseli yake pia ni nyembamba. Ukiweka habu nyembamba kwenye foku pana na kukaza nati kwa nguvu, miguu ya foku inabanwa ndani na inaanza safari ikiwa tayari imekazwa vibaya. Habu pana kwenye foku nyembamba nayo inatanua miguu.

Midomo ya foku ikiwa mipana kuliko ekseli, gurudumu linakaa upande siku moja na katikati siku nyingine. Tumia habu inayolingana na foku, na washa za chuma chini ya nati kila upande. Kama baiskeli ni ya kubeba watu, nati za kukazwa kwa spana ni salama kuliko mkono wa kufungua haraka ambao mtoto anaweza kuuchezea mkiwa mmesimama dukani.

Shokapu: laini lakini si ya mzigo

Wengi wanapenda shokapu, na sababu inaeleweka: barabara yenye mawimbi ya vumbi huumiza mikono. Lakini shokapu za bei ndogo zilizojaa sokoni zimetengenezwa kwa uzito wa mtu mmoja. Chini ya watu wawili springi inashuka mpaka mwisho na kubaki hapo. Haina mchezo tena, na kila shimo linagonga chuma kwa chuma. Ukifunga breki, mbele inazama ghafla na abiria anakusukuma mgongoni.

Ndani yake mna mabomba mawili yanayoteleza, na mara nyingi bushi za plastiki. Mchanga na vumbi vikiingia, bushi zinalika na miguu inaanza kucheza mbele na nyuma. Baadhi ya watengenezaji huandika wazi kwenye vijitabu vyao kwamba foku hizo si za baiskeli ya watu wawili. Kijitabu hakifiki kijijini, lakini onyo linabaki palepale.

Baiskeli zilizobuniwa hasa kwa mizigo ya vijijini zinatufundisha kitu. Ile iitwayo Buffalo, inayosambazwa katika nchi kama Kenya, Zambia na Malawi, ina keria ya kubeba kilo 100. Waliobuni hawakuiwekea springi mbele. Waliiwekea foku nzito ya chuma. Ulaini unaoutaka utaupata kwa tairi pana zaidi lenye upepo wa kutosha, kiti chenye springi na mwendo wa taratibu.

Foku iliyotumika: itazame kama daktari

Kama vipimo vyote vinne vimekubali, na foku ni ya chuma isiyo na shokapu, bado imetumika na mtu mwingine. Ioshe kwa mafuta ya taa, ifute ikauke, kisha ipeleke juani.

Tazama pale bomba linapoungana na mabega, miguu inapoungana na mabega, na midomo ya ekseli. Ufa huonekana kama unywele. Kwenye chuma kilichopakwa rangi, mara nyingi hutokea mstari mwembamba wa kutu. Pitisha kitambaa cha pamba polepole. Mahali kinaponasa nyuzi, rudi upatazame tena. Rangi iliyojikunja au kupasuka chini ya mabega ni dalili kwamba foku iliwahi kugonga kitu.

Itazame kwa ubavu. Bomba la juu na sehemu iliyonyooka ya miguu vinapaswa kufuatana bila kona ya ghafla. Itazame kwa mbele: weka gurudumu lililonyooka na uone kama rimu iko katikati ya miguu miwili.

Foku iliyopinda haifai kunyooshwa kwa ajili ya kubeba mtu. Chuma kikipinda na kunyooshwa kimepoteza sehemu ya nguvu zake, hata kikipakwa rangi kikapendeza. Foku yenye ufa haifai kuchomelewa. Moto wa kuchomelea hulainisha chuma pembeni ya kiungo, na kitakatika hapo pembeni. Foku ya aluminiamu ndiyo usiiguse kabisa kwa moto.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Safisha vikombe vya shingo. Vikiwa na mashimo ya gololi, vibadilishe. Weka gololi mpya za saizi moja na grisi ya kutosha. Usichanganye za zamani na mpya.

2. Ingiza foku. Kaza kikombe cha juu kwa mkono mpaka usukani uache kucheza, kisha rudisha kidogo kama umekuwa mgumu. Shikilia kikombe kwa spana moja na ukaze nati ya juu kwa nyingine.

3. Ingiza shina la usukani ndani ya bomba mpaka alama yake ya mwisho ifichike. Kama haina alama, hakikisha angalau sentimita 6.5 ziko ndani. Shina lipite chini ya sehemu yenye meno. Meno yamepunguza unene wa bomba, na kabari ya shina ikikazwa hapo inaweza kulipasua.

4. Weka gurudumu, hakikisha ekseli imefika mwisho wa midomo yote miwili, kaza nati pande zote.

5. Funga breki. Mipira iguse rimu tu, kwa usawa, na isiguse tairi hata mkono wa breki ukivutwa mpaka mwisho. Mkono ukigusa usukani, waya umelegea.

6. Rudisha madigadi na mishikio yake. Mshikio uliolegea ukiingia kwenye spoku unasimamisha gurudumu ghafla.

Gunia litangulie mtu

Kabla ya kupakia mtu, fanya majaribio haya.

Simama kando ya baiskeli, funga breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia "tak tak" shingoni, gololi zimelegea. Nyanyua mbele, geuza usukani pole kulia na kushoto. Ukikwama katikati, zimekazwa kupita kiasi au vikombe vimelika.

Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kugeuza usukani kwa nguvu ya kawaida. Ukigeuka peke yake bila gurudumu, shina halijakazwa.

Kisha endesha peke yako, barabara tambarare, mwendo wa mtu anayekimbia, kilomita moja. Funga breki mara kumi. Shuka, kaza upya, tazama mabega ya foku. Siku inayofuata funga gunia la kilo 30 kwenye keria, endesha tena, shuka mteremko mfupi. Ongeza hadi kilo 60. Baada ya kila safari tazama kama gurudumu limesogea karibu na fremu. Kama zamani vidole viwili viliingia kati ya tairi na bomba la fremu na sasa kinaingia kimoja, foku imekunjwa nyuma. Itoe.

Gunia likianguka utaokota mahindi. Usimfanye abiria kuwa jaribio la kwanza.

Baada ya hapo

Kila wiki, tikisa shingo na kagua breki. Kila mwezi, futa vumbi chini ya mabega na utafute unywele wa kutu. Baada ya kugonga shimo kubwa au kuanguka, kagua kabla ya kuendelea, hata kama giza linaingia na nyumbani si mbali. Mzigo mzito uwe nyuma na chini. Usitundike ndoo kwenye usukani. Kwenye mteremko mkali, abiria ashuke mtembee. Hilo halina aibu, hasa kama abiria ni mama mjamzito anayekwenda kliniki au mtoto wa shule.

Orodha ya kuhifadhi kwenye simu

Bomba la foku na shingo: unene sawa, meno sawa, urefu unatosha.
Ekseli hadi mabega: tofauti isizidi milimita 10, zaidi ya 20, hapana.
Gurudumu: linalingana na foku, nafasi ya kidole juu.
Breki ya mbele: ipo, inagusa rimu, haigusi tairi.
Habu: upana sawa na midomo, nati za spana.
Foku: chuma, haina shokapu, ufa wala kona, haijawahi kuchomelewa.
Majaribio: peke yako, kisha gunia, kisha mtu.

Jibu moja likiwa hapana, foku hiyo ibaki kwenye baiskeli ya mtu mmoja au iende kwenye chuma chakavu. Foku ya baiskeli za mzigo ya aina ileile ya zamani inapatikana kwenye maduka ya vipuri mijini. Agiza kwa anayekwenda Mpanda, umpe kipimo cha bomba na cha ekseli hadi mabega vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Na ukiwa abiria, una haki ya kuuliza kabla ya kupanda: "Kaka, breki ya mbele inafanya kazi?" Kama akisita kujibu, subiri baiskeli nyingine.